Mguu wa Kushoto: Siku Saba na Fuso kutoka Chekereni hadi Arusha

Dereva aliyekuwa akiendesha Fuso la familia yetu aliaga mwishoni mwa mwezi wa tano, akaenda kutafuta riziki kwenye malori makubwa ya Tunduma, nasi tukabaki na gari lenye gia sita, ndizi zilizokomaa kihambani Marangu na mnunuzi wa Arusha ambaye hakuwa tayari kusubiri. Mimi ni mwalimu wa fizikia. Nina leseni ya gari dogo na miaka 11 ya kuendesha gari la gia, jambo nililolihesabu kuwa mtaji na kumbe lilikuwa deni. Likizo ilipoanza nilikata leseni ya kujifunzia, nikabandika herufi L mbele na nyuma ya lori, nikamwomba mjomba wangu, aliyestaafu baada ya miaka zaidi ya 30 ya kuendesha malori kati ya Dar es Salaam na Namanga, anifundishe. Alikubali kwa sharti moja, kwamba kila jioni niandike nilichokosea. Haya ndiyo niliyoandika, nikiwa nimeyasafisha kidogo tu.

Siku ya kwanza, Jumatatu: Chekereni

Tulitoka Moshi alfajiri, mjomba akiwa usukanini na kijana wetu utingo akisinzia katikati, tukashuka kusini kupitia Mabogini hadi kwenye mashamba ya mpunga ya Chekereni, ambako ardhi ni tambarare kiasi kwamba lori likiachwa bila breki hubaki palepale lilipo. Ndiyo sababu alipachagua.

Somo la kwanza halikuhusu kuendesha. Mjomba aliiacha injini ikinguruma, akaninyooshea kidole kwenye geji ya upepo, tukakaa kimya tukiutazama mshale ukipanda. Breki za gari hili hutegemea upepo unaoshindiliwa na kompresa na kuhifadhiwa kwenye matangi chini ya chasisi, na upepo huo ndio unaoyasukuma mafuta ya breki hadi magurudumuni. Gari likilala, upepo huweza kuvuja usiku kucha, na dereva anayeondoka kabla mshale haujavuka alama nyekundu huondoka na pedeli isiyo na nguvu. King'ora cha onyo kilipoacha kulia nilidhani tumemaliza, lakini mjomba aliikanyaga breki mara nane mfululizo, upesi upesi, na mshale ukarudi chini mbele ya macho yangu.

"Umeona, mwalimu? Kila ukikanyaga, unatumia. Ukikanyaga kama fundi cherehani, mlimani utabaki bila akiba."

Kisha akazima injini na kuinua viganja vyake viwili. Kiganja cha kulia, alisema, ni flaiwili, gurudumu zito linalozunguka na injini wakati wote. Cha kushoto ni diski ya klachi, ambayo imeungana na giaboksi. Aliviacha mbalimbali, akavikutanisha taratibu huku cha kulia kikizunguka, vikasuguana, halafu akavibana hadi vikaenda pamoja kama kimoja. Aliniamuru nifanye vivyo hivyo, na katika hatua ile ya kusuguana nikahisi joto kwenye ngozi. Nimefundisha msuguano kwa miaka yote hiyo nikitumia kipande cha ubao na mizani ya springi, wala sikuwahi kuwaambia wanafunzi wasugue mikono.

Kazi ya siku nzima ikawa moja tu: kuondoka na kusimama, bila kugusa pedeli ya mafuta. Injini ya dizeli ikiwa kwenye silensa, yaani ikinguruma bila kukanyagiwa mafuta, gavana ya pampu, kifaa kinachopima mafuta ya kuipa injini, huiongezea mafuta yenyewe inapohisi mzigo, kwa hiyo lori tupu kwenye tambarare huondoka kwa gia ya pili bila kukanyagwa moto, mradi klachi iachiwe kwa adabu. Nilizima injini mara nne kabla ya saa tatu asubuhi. Mara ya tano gari liliruka kama chura, na utingo, aliyekuwa amepewa sado yenye maji nusu aipakate magotini, akalowa suruali yote. Sado hiyo ndiyo iliyokuwa kipimo chetu, na suruali ya kijana wa watu ndiyo iliyokuwa daftari la alama.

Kosa langu lilikuwa kuusikiliza mguu. Katika gari dogo, klachi inaposhika huhisiwa kwenye wayo. Katika lori pedeli ni nzito na mwendo wake ni mrefu, na mguu uliokwisha kuchoka haukuambii chochote. Mjomba alinitaka nisikilize injini na kuitazama pua ya gari. Klachi inapoanza kushika, mngurumo hushuka kidogo, kama mtu anayeongea aliyebebeshwa gunia ghafla, na kichwa cha lori huinuka kiasi cha upana wa kidole. Hapo mguu husimama. Hauendelei kupanda wala haurudi chini. Unasubiri gari lianze kutembea, ndipo unapomalizia kuachia. Kufikia alasiri nilikuwa nimeondoka mara 40 na ushei, na mara kumi za mwisho maji ya sado yalitikisika tu, hayakumwagika.

Siku ya pili, Jumanne: Chekereni tena

Leo ilikuwa zamu ya breki, na deni langu la miaka 11 likaanza kudaiwa. Nikitaka kusimama, miguu yangu yote miwili hushuka kwa pamoja, klachi na breki, bila hata kufikiri. Katika gari dogo dhambi hiyo husamehewa. Katika lori, kuikanyaga klachi mapema ni kuifukuza injini kazini wakati unapoihitaji, kwa sababu injini iliyoungana na magurudumu husaidia kulizuia gari, na ikishatenganishwa mzigo wote huangukia breki peke yake.

Mjomba alinifunga mguu wa kushoto. Sisemi kwa mfano: alichukua kipande cha kanga, akaufunga kwenye mguu wa kiti, akasema nishuke kutoka kilomita 40 kwa saa hadi gari litakapokaribia kusimama, kisha niuchomoe mguu na kuikanyaga klachi dakika ile ya mwisho injini inapoanza kutetemeka. Nilichelewa mara mbili na injini ikazima. Mara ya tatu nikafaulu, na nilishangaa kuona ni kwa muda mrefu kiasi gani gari linaweza kupunguza mwendo likiwa bado kwenye gia.

Jambo la pili la leo ni dogo lakini limenipa raha. Breki ikikanyagwa kwa nguvu ileile hadi mwisho, lori husimama kwa kishindo na maji ya sado hupiga ukuta wa mbele. Ukiilegeza kidogo kabisa nusu mita kabla ya kusimama, gari hutulia kama mtu anayeketi mkekani.

Siku ya tatu, Jumatano: Moshi mjini

Siku mbaya. Niiandike upesi.

Mjomba alitaka nizoee foleni, matuta na vipilefti, tukazunguka kutoka Majengo hadi Mbuyuni, ambako mikokoteni, bajaji na akina mama wenye matenga hawana habari na herufi L. Karibu na soko, kwenye kipando kifupi, daladala lilisimama mbele yangu kupakia abiria. Badala ya kuvuta handibreki, nikaiacha klachi ishike nusu nusu ili gari lisirudi nyuma, nikiongeza mafuta kidogo na kupunguza, nikajiona hodari kwelikweli kwa jinsi lori lilivyoning'inia pale bila kwenda mbele wala nyuma. Nilikaa hivyo kwa dakika nzima, pengine na zaidi. Kisha harufu ikaja, kali, kama kandambili iliyotupwa jikoni kwenye moto, na moshi mwembamba ukapanda kupitia kwenye kava ya giaboksi.

Mjomba hakupaza sauti. Alivuta handibreki, akawasha taa za tahadhari, akamtuma utingo aweke kigogo nyuma ya gurudumu, akasema tukae tu hadi ipoe. Honi zilizopigwa nyuma yetu sitazisahau. Nilipoomba radhi alijibu kwamba klachi ina kazi mbili, kushika na kuachia, na mimi nimeibuni ya tatu.

Jioni utingo naye akanishtaki: "Madam, hata ukiwa kwenye tambarare mguu wako huwa unakaa juu ya klachi." Ni kweli. Nilikuwa nikiuegemeza pale kama mtu anavyoegemeza mkono mlangoni. Uzito huo mdogo unatosha kuifanya beringi ya klachi izunguke ikiwa imebanwa wakati wote, na ukizidi huilegeza diski ikaanza kuteleza chini ya mzigo. Mahali pa mguu wa kushoto, kama haukanyagi, ni sakafuni.

Siku ya nne, Alhamisi: gereji

Mvua nyepesi na ukungu, hatukuendesha. Fundi alirekebisha uchezaji wa pedeli ya klachi na kutuambia kwamba diski imeungua usoni lakini haijafa. Alinionyesha diski nyingine, kuukuu, aliyoitoa kwenye gari la mtu: bitana zake, yaani nyuso zake za kusuguana, zilikuwa zimelika hadi ripiti za shaba zikachomoza na kuchora mifereji kwenye chuma. Nilipitisha kidole kwenye mfereji mmoja. Ulikuwa na kina cha kuingia ukucha.

Siku ya tano, Ijumaa: Himo hadi Marangu

Barabara ya Himo kwenda Marangu ni fupi, lakini katika kilomita hizo chache inapanda kama mita 500, ikijipinda katikati ya migomba na migrevilea, na huwa na watu pande zote mbili: wanafunzi, wenye ng'ombe, wanawake wenye majani kichwani. Kuipanda na lori tupu hakukunisumbua. Kilichonisumbua ni pale mjomba aliponiamuru nisimame katikati ya kipando, kabla ya Marangu Mtoni, niondoke tena.

Utingo aliteremka na kigogo chake akakiweka nyuma ya gurudumu, huku akinitazama kwenye kioo cha pembeni kwa uso wa mtu asiyeniamini. Handibreki ya Fuso letu ni ya kuvuta kwa mkono, na hubana ngoma iliyo nyuma ya giaboksi, kwenye propela shafti, mhimili unaopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma; inashika vizuri gari likiwa limesimama, lakini kuivuta gari likiwa katika mwendo ni kuiharibu shafti. Utaratibu ni huu. Handibreki iko juu, gia ya kwanza imeingia. Klachi inapandishwa hadi mngurumo unaposhuka na kichwa cha lori kuinuka, na kwenye mlima kichwa huinuka zaidi, kwa sababu gari linasukuma mbele na handibreki inalizuia. Mafuta huongezwa kidogo, si kwa kuvuma. Ukishaona gari linaivuta handibreki kama mbuzi anayeivuta kamba, unaiachia polepole, na gari linakwenda. Ukiiachia mapema unarudi nyuma. Ukichelewa, unaunguza tena kile fundi alichokiponya jana.

Mara ya kwanza nilirudi nyuma hadi kwenye kigogo, kikalia kwa mkwaruzo mrefu kwenye lami. Bibi mmoja aliyekuwa akipita na ndoo alisimama, akalitazama lori, akanitazama mimi, akasema "pole, mama," akaendelea na safari yake. Mara ya nne nikaondoka bila kigogo kuguswa. Mjomba alinifanya nirudie mara sita zaidi, akisema kwamba kufaulu mara moja ni bahati.

Jioni, nyumbani kwa shangazi, tukinywa mtori, nilipiga hesabu ambayo tangu hapo inaniwia vigumu kuitoa kichwani. Lori lenye uzito wa tani 15 pamoja na mzigo likishuka mita 500 hupoteza nishati ya joules milioni 73 na zaidi, na kama mwendo hauongezeki, nishati yote hiyo lazima igeuke kuwa kitu kingine, na karibu yote ni joto. Inatosha kuchemsha lita 28 za maji ya baridi na kuyaendeleza hadi yageuke mvuke yote. Nilimwonyesha mjomba ndoo ya shangazi ya lita 20 nikamwambia, hiyo ijae, na nyingine karibu nusu. Akaitazama ndoo kwa muda.

"Na ukishuka kwa breki tupu," akauliza, "moto wote huo unakaa wapi?"

Katika ngoma na bitana. Ngoma ikipata moto hutanuka na kujitenga na bitana, bitana nazo zikichemka hupoteza mshiko, na dereva anakanyaga pedeli ambayo bado ina upepo na mafuta lakini haina tena cha kushika. Ndiyo maana kazi kubwa lazima ipewe injini: gia nzito, pamoja na ile breki ya ekzosi, ambayo hufunga kilango kwenye bomba la moshi ili pistoni zihangaike kuusukuma moshi usiotoka. Vyote viwili hufika magurudumuni kwa kupitia klachi. Ukiikanyaga klachi kwenye mteremko umezitupa breki mbili kati ya tatu ulizonazo, na gia uliyoitoa huenda isikubali tena kuingia, kwa kuwa magurudumu yamekwisha kukimbia kuliko injini.

Siku ya sita, Jumamosi: kushuka

Mikungu ya ndizi ilipakiwa tangu saa kumi na moja alfajiri, ikapangwa na kutandikiwa majani makavu. Gari lilipojaa mjomba alichukua usukani bila kuniuliza, akanipa daftari, akasema nihesabu: kila anapogusa breki, mstari upande huu, kila anapogusa klachi, mstari upande ule.

Aliweka gia ya tatu tukiwa bado kwenye tambarare, kabla mteremko haujaanza, akaiwasha breki ya ekzosi, na sauti ya gari ikabadilika ikawa nzito, ya kukoroma. Tulishuka polepole hata bodaboda wakatupita wakicheka. Mwendo ulipoanza kupanda aliikanyaga breki mara moja, kwa nguvu ya wastani, hadi ukashuka kama kilomita 10, akaiachia kabisa ili ngoma zipumue, akasubiri. Hakuiegemea hata mara moja. Macho yake yalikuwa kwenye mshale wa mzunguko wa injini kuliko barabara ilivyostahili, nikadhani, hadi aliponieleza kwamba gavana huweza kuipunguzia injini mafuta lakini haiwezi kuyazuia magurudumu yasiizungushe injini kupita kiasi, kwa hiyo gia nzito bila breki nayo huua.

Tulipofika Njia Panda ya Himo nilihesabu mistari. Breki 14. Klachi 2, zote mbili kwa ajili ya ng'ombe waliotulazimisha kusimama.

Siku ya saba, Jumapili: Moshi hadi Arusha

Nilishika usukani mimi, gari likiwa na mzigo, mjomba kando yangu na utingo na sado yake, ambayo sasa aliipakata kwa hiari. Kutoka Moshi hadi Arusha ni kilomita 80 hivi, na kwa dereva wa gari dogo hakuna la kusimulia. Kwangu mimi safari nzima ilikuwa bonde moja: Kikafu. Barabara inaukaribia mto, inainama ghafla kuelekea darajani, kisha inapanda upande wa pili kwenda Boma Ng'ombe, na hakuna dereva wa Kilimanjaro asiye na habari ya ajali iliyotokea pale.

Nilianza kupunguza mwendo mapema mno, mjomba akanyamaza. Niliingiza gia ya tatu kabla ya ukingo, nikawasha breki ya ekzosi, nikaurudisha mguu wa kushoto sakafuni na kuuambia, kwa sauti, ukae hapo. Utingo akacheka. Gari likakoroma na kushuka. Nilikanyaga breki, nikaachia; nikakanyaga tena, nikaachia. Ndipo daladala moja lilipotupita, likajirudisha upande wetu mita chache mbele ya pua yangu na kuwasha taa zake nyekundu. Nilikanyaga breki kwa mara ya tatu, kwa nguvu, na daladala lilipokwenda zake nikawa nimekwisha kufika darajani, mikono imelowa jasho, nikaanza kupanda.

Baada ya hapo ni Boma Ng'ombe, njia panda ya uwanja wa ndege wa KIA, Kikatiti, Usa River, na foleni ya Tengeru, ambayo niliivuka kwa handibreki na gia ya kwanza, bila harufu yoyote. Saa tano na nusu tulikuwa soko la Kilombero. Wabebaji waliliparamia gari kabla sijazima injini, mnunuzi akaanza kulalamika kuhusu ukubwa wa mikungu, na utingo akayamwaga maji ya sado kwenye tairi la mbele, akaikung'uta na kuionyesha suruali yake kwa kila aliyetaka kuona na asiyetaka.

Mjomba aliniomba daftari. Alilifungua kwenye ukurasa wa jana, na chini ya mistari yake akaandika kwa mwandiko wa kutetemeka: Kikafu, breki 3, klachi 1.

"Klachi ipi, mjomba? Mguu ulikuwa sakafuni."

"Daladala lilipoingia," alisema, akinirudishia kalamu. "Hukuhisi."